Rafiki wa Kale na Rafiki Mpya



Kila mwaka mtama na alizeti vikiisha kuvunwa, na njia zikiwa zimekauka, huanza majira ya mikutano. Tangazo husomwa kanisani, michango hukusanywa, wajumbe huchaguliwa, na akina mama huanza kuhesabu sufuria na magunia. Kisha watu wa Manyoni na Itigi, wa Kilimatinde na Singida mjini, pamoja na wageni watokao Dodoma, Tabora na kwingineko, hukaa pamoja siku tatu au nne wakilisikiliza Neno la Mungu. Wakirudi tunawauliza, "Mkutano ulikuwaje?" Nao, kabla hawajataja mahubiri wala maazimio, hujibu karibu kwa kauli moja: "Tumeonana na wenzetu wa siku nyingi, na tumepata marafiki wapya."

Jibu hilo ni jema, wala hatutaki kulipunguzia furaha yake. Walakini yafaa tuliangalie kwa makini, maana ndani yake limo swali ambalo limewasumbua wenye hekima tangu zamani. Bwana wetu ametuamuru kumpenda jirani, yaani kila mtu tutakayemkuta njiani mwetu. Rafiki, kwa upande mwingine, ni mtu tuliyemchagua kati ya wengi, na ukimchagua mmoja umewaacha wengine. Je, basi, Mkristo ana haki ya kuwa na marafiki? Na kama anayo, rafiki wa kale ana dai gani juu yetu ambalo rafiki mpya hana? Tena mgeni, ambaye si rafiki wa mtu yeyote pale, ana dai gani juu yetu sote?

Hili si swali la darasani tu. Yeyote aliyepata kuhudhuria mkutano mkubwa ameliona kwa macho yake wakati wa chakula cha mchana. Asubuhi sote tumekaa kwenye mabenchi, tumeelekea mbele, wala hatutofautiani. Kengele ya chakula ikilia, watu hugawanyika. Waliosoma pamoja hukaa pamoja. Walioimba kwaya moja kabla mmoja wao hajaolewa mbali hushikana mikono wasiachane. Wachungaji hukaa na wachungaji, na wa kabila moja huanza kusemezana kwa lugha ya nyumbani. Vicheko husikika pande zote. Na kati ya makundi hayo yuko mtu mmoja aliyekuja mara ya kwanza, ametumwa na mtaa ulio mbali na barabara kuu, amekaa juu ya jiwe na sahani yake ya ugali magotini. Anakula upesi amalize, apate kisingizio cha kwenda kuosha sahani. Hakuna aliyemchukia, wala hakuna aliyemfukuza. Amesahauliwa tu kwa sababu ya furaha ya watu wengine.

Mtu huyo akirudi kwao atatoa taarifa yake, wala hatasema mabaya. Atasema mkutano ulikuwa mzuri. Lakini mwaka unaofuata akiombwa kwenda tena, atasema ana shughuli shambani, na mtaa wake utakosa mjumbe. Wala sisi hatutajua kwa nini.

Je, ni kosa kuwa na rafiki?

Wengine wakiliona jambo hili hutaka kulikata kwa shoka. Husema kwamba urafiki wa pekee ni upendeleo, na kwamba katika kanisa sote ni ndugu. Basi mtu asiwe na rafiki aliye karibu kuliko wengine. Neno hilo lina sura ya utakatifu, lakini Injili haituonyeshi hivyo. Katika Yohana sura ya 11 tunasoma kwamba Bwana aliipenda nyumba moja ya Bethania, ya Martha na Mariamu na Lazaro, naye akalia kaburini kwa rafiki yake. Usiku wa mateso aliwachukua watatu kati ya wale wanafunzi wakae karibu naye. Aliyekuja kwa ajili ya ulimwengu wote alikuwa na nyumba aliyozoea kupumzika, na watu aliotaka wawe karibu naye wakati wa huzuni.

Tena, tumfikirie mama mjane ambaye rafiki yake wa ujana aliolewa upande wa pili wa mkoa. Wanaonana mara moja kwa mwaka, mkutanoni. Wakikutana wana mengi ya kuambiana: nani amekufa, nani amezaa, mguu unaumaje, mtoto yule aliyepotea mjini amerudi au bado. Je, tutamwambia mama huyu kwamba saa hiyo ya chakula ni anasa, amwache mwenzake akakae na wageni? La. Tungekuwa wakatili. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mkeka wako wa zamani, hata ukiwa umechakaa, ndio uliokulaza siku zote.

Mwanafalsafa wa Kiyunani aitwaye Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alikuwa na maneno yafaayo hapa. Alikumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi nasi husema mzee fulani amekula chumvi nyingi, tukimaanisha ameishi siku nyingi. Chumvi huliwa kidogo kidogo, punje kwa punje katika kila mlo, na kwa sababu hiyo huwezi kuimaliza kwa haraka. Urafiki nao hudai miaka. Kwa hiyo, alisema, mtu hawezi kuwa na marafiki wa kweli wengi sana.

Aristotle alitaja pia namna tatu za urafiki: wa faida, wa furaha, na wa wema. Tukijichunguza mkutanoni tutazikuta zote. Yuko rafiki wa faida: tunamsalimu kwa mikono miwili kwa kuwa anafanya kazi ofisi fulani, au anafahamiana na wafadhili, au labda mtoto wetu atapata nafasi shuleni kwake. Yuko rafiki wa furaha: anaimba vizuri, ana mzaha, jioni haipiti bila yeye. Namna hizi mbili si mbaya zenyewe, lakini zina mwisho. Faida ikikoma, na wimbo ukiisha, hao hawajuani tena. Rafiki wa namna ya tatu ndiye atupendaye kwa ajili ya vile tulivyo, anayetutakia mema hata kama hatuna la kumpa. Na jambo la kuogopesha ni hili: yule aliyekaa juu ya jiwe hana faida kwetu, wala hatujui kama ana mzaha. Tukimwendea, sababu inabaki moja tu.

Urafiki wa kale ni mlango

Twafikiri kwamba Maandiko yanatuonyesha njia ya kutoka katika shida hii, tena katika hadithi ya urafiki mkubwa kuliko yote ya Agano la Kale. Daudi na Yonathani walipendana na kufanya agano. Yonathani akafa vitani. Miaka ikapita, Daudi akawa mfalme. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, Daudi anauliza kama amebaki mtu yeyote wa nyumba ile ambaye aweza kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Akaletwa Mefiboshethi, kijana aliyelemaa miguu yote miwili, aliyekuwa akiishi mbali kwenye nyumba ya watu. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake na kumketisha mezani pake siku zote.

Tuone jambo lililotendeka hapo. Daudi hakumwacha rafiki wa kale ili apate mpya. Alimtafuta mgeni kwa sababu ya rafiki wa kale. Mapenzi yake kwa Yonathani hayakuwa ukuta uliozunguka watu wawili. Yalikuwa mlango ambao mtu wa tatu, asiye na nguvu wala cheo, alipitia akaingia.

Ndivyo alivyofanya Barnaba pia. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu. Barnaba, ambaye mitume walimjua na kumwamini tangu mwanzo, alimchukua akampeleka kwao na kumsemea. Barnaba alitumia heshima yake kwa marafiki wa zamani kama dhamana ya mtu mpya. Kama asingekuwa na marafiki wa zamani, asingekuwa na kitu cha kumdhamini.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza Ugogo, ikapanda kilima cha Bonde la Ufa, ikaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo ni upande wa Manyoni na Itigi. Maji yalikuwa haba, na mtu aliyeugua njiani aliweza kuachwa afe. Hakuna aliyeweza kusafiri mwendo ule kwa nguvu zake mwenyewe. Ilimlazimu kuwa na watu wa kumpokea. Yasemekana ndivyo utani ulivyoenea kati ya makabila yaliyokutana katika safari hizo, hata Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri, wakawa na watani mpaka pwani. Na utani haukuwa matusi ya kuchekesha tu. Mtani alikuwa na wajibu: kumsaidia msafiri aliyepungukiwa, na msiba ukitokea, kushika kazi za mazishi ambazo wafiwa wenyewe hawawezi. Urafiki uliofanywa na babu uliweza kumlinda mjukuu mahali ambapo hakuna aliyejua jina lake.

Basi hapo twaona jibu la swali letu la kwanza. Kuwa na rafiki wa kale si kosa. Kosa ni kumfungia ndani. Tumepewa urafiki kama tulivyopewa nyumba, na nyumba isiyoingiwa na mgeni, hata ikiwa imejengwa vizuri, watu wa kijijini huinong'ona.

Na yule mama mjane tumwambieje? Tumwambie asimwache mwenzake, bali waende wote wawili wakakae karibu na yule aliye peke yake. Hapa pana siri ndogo ambayo wenye uzoefu wa mikutano waijua. Mtu mmoja akimwendea mgeni, mara nyingi mgeni huona anahurumiwa, naye hujibu kwa adabu na kunyamaza. Lakini marafiki wawili wakimsogezea benchi huku wakiendelea na mazungumzo yao, wakimweleza huyo wanayemtaja ni nani na kwa nini wanacheka, hapo mgeni huona ameingizwa katika kitu ambacho tayari kipo. Mwenye njaa humkaribishi kwa kumwuliza habari za njaa yake, unamnawisha mikono.

Jambo hili lina gharama, tusifiche. Gharama ya kwanza ni lugha. Katika mkoa wetu watu wakikutana na wa kwao hufurahi kusema Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo, na hakuna ubaya. Lugha ya mama ndiyo yenye utamu wa mzaha. Lakini akija mtu wa lugha nyingine akaketi, na sisi tukaendelea vile vile, tumemfungia mlango usoni huku tunatabasamu. Kugeuza maneno kuwa Kiswahili kwa ajili ya mtu mmoja ni tendo dogo, halihitaji fedha, na huenda likawa ndilo tendo la upendo kuliko yote yaliyofanyika siku hiyo. Gharama ya pili ni siri. Marafiki wa kale hupenda kusema mambo ambayo wao tu wanayaelewa, nao hawana budi kuyaweka kando kwa muda. Hawatayapoteza, usiku mkekani yatakuwapo.

Rafiki mpya akimwumiza wa kale

Lakini liko jambo gumu zaidi. Itakuwaje iwapo kumkaribisha rafiki mpya kunamwumiza rafiki wa kale? Jambo hili lilipata kutokea katika mkutano wa Kikristo wa Afrika ya Mashariki, na habari zake zatuhusu sana sisi Waanglikana.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, katika kituo cha Misioni ya Kanisa la Scotland. Walikuwapo Waanglikana wa C.M.S., Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Waliona aibu kwamba kila misioni inawafundisha Waafrika ugomvi wa Ulaya, nao wakafanya mpango wa kushirikiana. Furaha yao ilikuwa kubwa. Mwishoni Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri kwa kufuata Kitabu cha Sala cha Kianglikana, na watu wa madhehebu mengine wakashiriki.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar hakuwako. Yeye alikuwa wa U.M.C.A., iliyoshika sana mapokeo ya kale ya Kanisa kuhusu maaskofu na sakramenti. Aliposikia aliumia, akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Askofu Peel na Askofu John Jamieson Willis wa Uganda kwa uzushi na mafarakano. Uingereza yote ikazungumza habari za Kikuyu. Halmashauri ya washauri ilikutana mwaka 1914, na jibu la Askofu Mkuu likatolewa mwaka 1915. Hakuwahesabu maaskofu wale kuwa wazushi, lakini alishauri ibada za pamoja za namna ile zisifanywe tena. Watu wa wakati ule wakafanya mzaha kwamba, kwa uamuzi huo, ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na kwa vyovyote vile isirudiwe.

Nani alikuwa na haki? Ni rahisi kwetu leo kusema kwamba Weston alikuwa mgumu wa moyo. Lakini tuitazame hoja yake. Alisema, kwa maana yake, kwamba mkiketi pamoja kama kwamba hakuna linalowatenganisha, hali lipo, hamjapatana, mmenyamaza tu. Tena maneno makubwa yalikuwa yameamuliwa naye hayupo, na yeye ni askofu wa ushirika uleule. Kwa upande wa pili, wale wa Kikuyu nao waliona jambo la kweli: watu waliokaa siku kadhaa wakiomba pamoja, kisha wakakataana mezani pa Bwana, wanawafundisha nini wale wanaowatazama? Pande zote mbili zilishika kipande cha ukweli. Rafiki mpya alistahili mkate. Rafiki wa kale alistahili kuulizwa.

Yaliyofuata ndiyo yenye mafundisho kwetu. Weston hakubaki Zanzibar akinuna. Mwaka 1918 ulipofanyika mkutano wa pili Kikuyu, alikwenda mwenyewe, akakaa na wale aliowapinga, akaleta mapendekezo yake juu ya umoja. Mwaka 1920 maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, wakatoa wito wa umoja kwa Wakristo wote, naye Weston aliuunga mkono. Alifariki mwaka 1924. Mwaka 1960 dayosisi zilizozaliwa na C.M.S. na zile zilizozaliwa na U.M.C.A. zikawa pamoja katika jimbo moja la Afrika Mashariki, na mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo lenyewe, John Sepeku akiwa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Leo Mwanglikana wa Manyoni akienda Tanga au Masasi ataona mavazi na desturi asizozizoea, na uvumba labda utampiga chafya, lakini yuko nyumbani kwao.

Umoja huo haukuletwa na furaha ya mkutano wa kwanza peke yake. Uliletwa na watu waliorudi kwenye mkutano wa pili ilhali wangali na uchungu. Nasi tukitaka kujua kama tumepata rafiki mpya kweli, tusihesabu tuliokumbatiana nao siku ya kufunga. Tuulize kama tutaweza kurudi kuketi pamoja baada ya kutoelewana.

Katika mkoa wetu jambo hili tunalikuta kila siku. Walutheri wamestawi tangu zamani huko Iramba na Singida, Wakatoliki wamekuwa na jimbo lao la Singida tangu mwaka 1972, na makanisa ya Kipentekoste yanaongezeka katika vijiji vyetu. Tunazikana pamoja, tunachangiana harusi, na watoto wetu wanaoana. Tukikutana nao katika mikutano tusijifanye kwamba hakuna tofauti, wala tusiwatazame kama washindani wa kutuibia waumini. Tuwe na uvumilivu wa watu wanaojua kwamba chumvi haijaisha.

Baada ya mkutano

Linabaki swali la mwisho. Rafiki tuliyempata kwa siku tatu ni rafiki kweli? Zamani wajumbe waliandikiana anwani kwenye karatasi za nyuma za daftari za nyimbo. Siku hizi hupeana namba za simu, na mtu aweza kurudi na majina 40. Baada ya miezi miwili anaona jina, wala haukumbuki uso. Kila mmoja aliahidiwa, "Tutawasiliana." Ahadi ni deni, na mwenye kuahidi watu 40 amekopa kuliko uwezo wake. Yafaa mtu arudi na majina mawili ambayo atayaombea na kuyapigia, kuliko kurudi na orodha.

Tusidhani hili ni jambo dogo. Mtu wa huku akiugua hupelekwa Kilimatinde, na akizidiwa, Dodoma au mbali zaidi. Mwenye kumwuguza hufika mji asioujua, na fedha kidogo, na mgonjwa anahitaji uji. Hapo ndipo hujulikana kama mkutano wa mwaka jana ulikuwa na maana. Ikiwa katika mji ule iko nyumba moja tu ambamo aweza kubisha hodi na kusema, "Tulikaa benchi moja," na mlango ukafunguliwa, basi mchango wa mkutano haukupotea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wasema wahenga, na dhiki haitoi taarifa.

Wala tusiwasahau walio mbali nasi kwa sababu ya mipaka ya kanisa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, nasi tulikuwa ndani yake mpaka Dayosisi ya Rift Valley ilipoundwa mwaka 1991, makao yake yakawa hapa Manyoni. Lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, kwa maana kazi ilikuwa kubwa na njia ndefu. Lakini mgawanyo wowote huwatenga watu waliozoeana katika sinodi moja na kwaya moja, na usipoangaliwa, rafiki hugeuka kuwa mgeni bila ugomvi wowote. Mikutano ya kanda ina kazi hiyo pia, ya kuzuia nyasi zisiote njiani.

Tena wako wasiokwenda kabisa. Nauli ni ghali, mwenye mgonjwa hawezi kutoka, na mzee hana nguvu ya kukaa garini. Hao nao ni marafiki wetu wa kale, tena mara nyingi ndio waliotoa kuku na mtama ili sisi twende. Tukirudi na hadithi za marafiki wapya, tukawasimulia kama watu waliotoka karamuni, tumewaongezea upweke. Kule Kikuyu rafiki ambaye hakuwako ndiye aliyeumia. Kwa hiyo mjumbe asihesabu kazi yake kuwa imekwisha aliposoma taarifa kanisani. Aende nyumbani kwa mmoja wao, akae, amweleze, amwambie jina la mtu aliyekutana naye na shida zake, ili wamwombee wote wawili. Hapo yule asiyesafiri naye atakuwa amepata rafiki mpya.

Wapenzi wasomaji, mengi tuliyoandika hapa hayahitaji kungoja mkutano ujao. Katika kila kanisa letu yuko aliyehamia mwaka huu: mwalimu mpya, mke aliyeolewa kutoka mbali, kijana wa kazi za reli au barabara. Nasi sote tuna marafiki zetu tunaowangojea mlangoni baada ya ibada. Jumapili ijayo tuwasalimu kama desturi, kwa furaha yote. Kisha, tukiwa bado tumeshikana mikono, tutazame ni nani anayeondoka peke yake, twende naye wote wawili mpaka njia panda.